Kompyuta Haina Jini

Maneno niliyoyasema Tononoka, Mombasa, Jumamosi asubuhi, mbele ya makarani, walimu na vijana wanaofanya kazi kwenye saiba za intaneti. Nimeyaandika karibu yalivyotoka; vikohozi tu nimeviacha.

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Na ndugu zetu Wakristo, Bwana asifiwe. Wazee wangu, mama zangu, vijana, hamjambo nyote.

Kabla sijaanza naomba radhi kwa mafundi wenzangu. Nawaona pale nyuma, mmekaa chini ya feni. Nitakayosema leo yatatupunguzia wateja. Mimi nina kibanda cha kutengeneza kompyuta karibu na Mwembe Tayari, huu ni mwaka wa 16, na ukweli ni kwamba pesa nyingi ninazolipwa si za ufundi. Nalipwa kubonyeza mahali ambapo mwenye mashine angebonyeza mwenyewe lau angejua pako wapi. Nachukua shilingi 500, nanywa chai, roho yanisuta kidogo, kesho narudia.

Mwezi uliopita alinijia mama mmoja, mwalimu mstaafu, laptopu yake kaifunika leso kama mtoto mwenye homa. Akaiweka mezani pole pole.

"Mwanangu, hini mashine ina jini."

"Jini gani, mwalimu?"

"Mchana nikiigusa yaganda. Usiku wa manane, saa nane hivi, yaamka peke yake yavuma. Mjukuu wangu asema tuiuze."

Nikamuuliza huwa aizima vipi. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa mlango hufungwa vipi. "Si nafunika tu."

Basi nikabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja: Ctrl, Shift na Esc. Likafunguka dirisha linaloitwa Task Manager. Nikaingia sehemu ya Performance, nikagusa CPU, yaani prosesa, ubongo wa mashine, nikamwonyesha maandishi madogo kule chini yaliyoandikwa Up time. Pale pana tarakimu zimetenganishwa kwa nukta pacha. Za mwisho kulia ni sekunde, zinakimbia. Ya kwanza kushoto ni siku. Ya mwalimu ilikuwa 43. Siku 43 mashine haijawashwa upya hata mara moja! Nikamwambia, "Mwalimu, wewe ungekaa siku 43 bila kupata usingizi wa maana, mjukuu angesema una nini?" Akacheka mpaka leso ikamtoka begani.

Na yule jini wa saa nane usiku? Windows 10 na 11 zimepangiwa matengenezo ya ndani kila siku, na saa waliyoiweka kule zinakotengenezwa ni saa nane usiku. Mashine ikiwa imefunikwa lakini bado iko kwenye umeme, inaweza kuamka yenyewe, ikajikagua, ikalala tena. Mwalimu alikuwa akisoma Ayatul Kursi juu ya ratiba. Si vibaya kuisoma, lakini ile ratiba ingeendelea vile vile.

Hapo ndipo nataka tukae leo. Watu wakisikia nitafundisha mbinu za kompyuta huja na daftari waandike vitufe: hiki na hiki hufanya hivi. Vitufe nitawapa, vichache. Lakini tangu nianze kazi hii sijaona mtu aliyeimudu kompyuta kwa kukariri vitufe. Anayeimudu ni yule ambaye mashine ikigoma, kitu cha kwanza ni kuiuliza inafanya nini. Mfumo endeshi, yaani Windows yenyewe, hauna siri nyingi hivyo. Kila unachofanya kimeandikwa mahali. Sisi hatujui kusoma tu.

Nyinyi ni watu wa Mombasa, kwa hivyo nitawapa mfano wa bandari. RAM, kumbukumbu ya kazi ya mashine, ni gati. Hapo ndipo meli hufunga na kazi hufanyika. Diski ni yadi ya makontena: kubwa, inahifadhi, lakini kupanga na kupangua ni kazi. Mfumo endeshi ni yule anayeamua meli ipi ipewe gati, winchi ipi ifanye wapi, nani angoje nje. Sasa gati zako zikiwa nne, yaani RAM ya GB 4, na umefungua kurasa 30 za intaneti, na WhatsApp, na Excel, na wimbo unapiga nyuma, gati zinajaa. Mfumo haukufukuzi. Unaanza kuhamisha shehena kutoka gatini kupeleka yadini, ukiitaka unairudisha, unapeleka nyingine. Ule mwendo wa kobe unaouona ndio huo, malori yanapishana. Na ukiwa na diski ya zamani ile inayozunguka, badala ya SSD, ile mpya isiyozunguka, hayo malori ni mikokoteni.

Kwa hivyo mashine ikizorota, Ctrl, Shift, Esc. Sehemu ya Processes ina safu za CPU, Memory na Disk. Gusa jina la safu, mlaji mkubwa atapanda juu. Mara tisa kati ya kumi utakuta ni kivinjari. Mara nyingine ni programu hata hukumbuki uliifungua lini. Kwenye dirisha hilo hilo pana Startup: hizo ndizo zinazojiamsha kila ukiwasha mashine. Zizuie usizozihitaji, haifuti programu, inaiambia tu isubiri mpaka iitwe. Nimeona laptopu ina 19 zinazojiamsha. Kumi na tisa! Hata nyumba ya harusi haiamki na watu wengi hivyo.

Sasa hili la kuzima, tegeni sikio, maana hata makarani wa ofisi kubwa hulikosea. Wengi wenu mnaamini Shut down ndiyo kuzima kwenyewe na Restart ni kuzima kidogo. Ni kinyume. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, mashine nyingi zimewekewa njia ya kuwaka haraka. Ukibonyeza Shut down, Windows inafunga programu zako lakini kiini chake inakiandika kwenye diski, ili kesho ikisome hapo badala ya kuanza mwanzo. Ni kama mwenye duka kafunga mlango lakini taa kaziacha zawaka na mizani iko na unga. Takataka za jana utazikuta kesho. Restart ndiyo inayofagia duka. Ndiyo maana mtu huniambia, "Fundi, nimezima nikawasha mara tatu, bado," kisha mimi nafanya Restart moja inapona, naonekana mganga. Ukitaka Shut down ya kweli, shikilia kitufe cha Shift unapoibonyeza. Hiyo peke yake imenilipia kodi ya kibanda miezi mingi.

Twende kwenye bando, maana naona vijana wameanza kusinzia. Unawasha hotspoti ya simu utume barua moja, unarudi bando ya wiki imekwisha. Wengi hulaumu mtandao wa simu. Kumbe Windows imeona intaneti, ikasema alhamdulillahi, ikaanza kushusha apdeti. Haijui kama ni Wi-Fi ya ofisi au ni bando yako ya jasho. Iambie. Ingia Settings, Network, gusa jina la Wi-Fi hiyo, tafuta Metered connection, uiwashe. Kuanzia hapo, kila ikikutana na hotspoti ile itashika adabu na apdeti nyingi zitangoja. Lakini jamani, zisingoje milele. Mara moja kwa mwezi ipeleke mashine mahali penye intaneti ya bure, ile inywe ishibe.

Haya, faili. Wazee walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ngama ya Windows ni folda ya Downloads. Kila unachoshusha kinaangukia huko, na hakuna anayeifagia. Karani mmoja aliniletea mashine eti diski imejaa, anataka nimuuzie nyingine. Nikafungua Downloads, kule juu pembeni kwenye kisanduku cha kutafutia nikaandika hivi:

size:>1GB

Ikamwaga vitu vyote vinavyozidi GB 1. Filamu moja ilikuwa imeshushwa mara nne. Nne! Kila akitaka kuitazama haioni alipoiweka, anaishusha upya. Diski mpya sikumuuzia siku hiyo, na mke wangu hadi leo ananikumbusha.

Kwenye Downloads pia ndiko anakoingilia mwizi. Hapa nyote mnaofanya kazi kwa maajenti wa forodha nisikilizeni kwa masikio mawili. Windows kwa kawaida huficha mkia wa jina la faili, zile herufi baada ya nukta. Ficho hilo lilikusudiwa kurahisisha. Mimi naliona ni kosa tangu siku ya kwanza. Kwa sababu mtu anaweza kukutumia kitu kinachoitwa "Bill of Lading.pdf.exe", kama kwamba ni hati ya shehena ya meli. Windows inaficha ule mkia wa mwisho, wewe unaona "Bill of Lading.pdf", na kijipicha chake kakipaka rangi ya PDF. Unakibofya mara mbili. Hiyo si karatasi, ni programu, na umeikaribisha ndani mwenyewe. Ofisi moja ya hapa mjini, siitaji, ilipoteza ankara za miaka miwili kwa njia hiyo. Fungua folda yoyote, gusa View, kwenye Windows 11 ingia Show, weka tiki kwenye File name extensions. Sekunde kumi. Baada ya hapo kila faili litakuonyesha mkia wake, na karatasi yenye mkia wa exe utaijua kama unavyomjua paka.

Na flashi! Vijana wa saiba, hili mnalijua. Mteja anachomeka flashi, anaona folda zake zimegeuka mishale midogo, akizibofya hazifunguki. Anapiga ukelele, "Kazi yangu ya chuo yote!" Na pembeni kuna mtu mwema anamwambia, "Ifomati tu." Msifomati! Kirusi cha aina hiyo hakifuti kitu. Kinazificha folda za kweli na kuweka njia za mkato za uongo mahali pake. Kwanza ikagueni flashi kwa Windows Security, ile antivairasi inayokuja na mfumo wenyewe, haina malipo. Kisha bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, ingia, na kama flashi yako imepewa herufi E, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter, ngoja. Folda zitarudi zote kama watoto wakisikia harufu ya mahamri. Kisha futeni ile mishale. Angalieni herufi iwe ya flashi yenyewe, si C. Nimesema, si C.

Na kwa kuwa nimetaja flashi, wacha nijianike. Mwaka mmoja nilikuwa na flashi mbili mezani, zote nyeusi, zote GB 16, zote hazina jina. Moja ya kwangu, nataka kuitia Windows ya kusakinishia. Nyingine ya bwana mmoja wa Kibokoni, ina picha za harusi ya binti yake, nimwekee kwenye laptopu. Simu ikalia, nikawa naongea huku nafanya. Nikafomati ya harusi. Laiti ningegundua pale pale, ningeweza kuziokoa nyingi, kwa sababu fomati ya haraka inafuta orodha tu, vitu vyenyewe bado viko mpaka viandikiwe juu. Lakini nilikuwa nimeshamwagia Windows nzima juu yake. Nilitumia programu inayoitwa PhotoRec, ya bure, usiku kucha. Zikarudi picha chache, na nyingi katika hizo ni za wapishi. Yule bwana hakunitukana. Alinyamaza, akachukua flashi yake akaondoka, na ningependelea angenitukana.

Tangu siku hiyo flashi yoyote ikiingia kibandani kwangu kazi ya kwanza ni kuipa jina. Unaichagua, unabonyeza F2, unaandika. F2 hiyo hiyo hubadili jina la faili lolote na folda yoyote. Na kitu ambacho hukipendi kukikosa kiwe mahali patatu, na mojawapo pawe nje ya nyumba. Diski za nje zinauzwa mjini humu, hatuna udhuru.

Vitufe nilivyowaahidi. Sitawapa hamsini. Ctrl na Z, ya kutengua, mnaijua, lakini wengi hawajui kwamba inafanya kazi hata nje ya barua: umehamisha faili kimakosa, umebadili jina, umelitupa kwenye Recycle Bin, Ctrl na Z unarudi. Isipokuwa ukifuta kwa Shift na Delete. Hapo hakuna pipa.

Kitufe cha Windows na L, ya kufunga skrini, unapoinuka kwenda chai ya saa nne. Kitufe cha Windows na Shift na S, ya kukata picha ya sehemu ya skrini, kosa likitokea likate umtumie fundi, usimpigie kumwambia "imeandika kitu fulani cha Kizungu."

Lakini kipenzi changu ni kitufe cha Windows na V. Kunakili na kubandika tumerithi kutoka kwa Larry Tesler, Mmarekani aliyefanya kazi kwenye maabara ya Xerox kule California miaka ya 1970, akafariki mwaka 2020. Shida ya ubao wa kunakilia ni kwamba unashika kitu kimoja tu: ukinakili cha pili, cha kwanza kimekwenda. Sasa mfikirieni karani wa forodha. Ana namba ya kontena, herufi 4 na tarakimu 7. Ana PIN, namba ya kodi, ya mwenye mzigo. Ana jina la meli. Anarukaruka kati ya madirisha mawili kama panzi, nakili, bandika, nakili, bandika, na kontena 20 zinangoja. Tangu mwaka 2018, Windows 10 imeweka historia ya ubao. Bonyeza Windows na V, mara ya kwanza itakuomba ruhusa, ikubalie. Kuanzia hapo inashika vitu 25. Nakili vyote kwa mkupuo, kisha kwenye fomu unabonyeza Windows na V, unachagua, unachagua, unachagua. Kijana mmoja nilimfundisha hiyo Ijumaa, Jumatatu akaja kuniuliza kama kuna nyingine kama hiyo.

Tahadhari yake: inashika na nenosiri ulilonakili. Kwenye kompyuta ya saiba, ukimaliza, fungua hapo hapo ubonyeze Clear all. Wenye saiba, mngefanya hisani mkiizima kabisa.

La mwisho ni la kununua, maana naulizwa kila siku. Windows 10 ilitoka Julai 2015, na tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuipa marekebisho ya kawaida ya usalama. Haikufa. Inawaka kama jana. Ila nyufa mpya zikigunduliwa hazizibwi, isipokuwa kwa waliojiandikisha kupata nyongeza ya mwaka mmoja, hadi Oktoba 2026. Windows 11 nayo inachagua mashine: inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel kwa jumla inataka kizazi cha 8 kwenda mbele. Sasa zile laptopu za ex-UK, zilizotumika Uingereza, tunazozipenda, nzuri, ngumu, bei ya huruma, nyingi ni za kizazi cha 4, cha 5, cha 6. Usimuulize muuzaji. Bonyeza kitufe cha Windows, andika About, soma jina la prosesa. Ukiona i5-6300U, ile 6 baada ya kistari ndiyo kizazi, haifiki. Ukiona i5-8250U, ni 8, haya, anza kupatana bei. Namba ikiwa na tarakimu tano, kama i7-10510U, soma mbili za mwanzo.

Na ukiwa unayo tayari ile ya kizazi cha 4, usiitupe wala usimruhusu mtu akutilie Windows ya kuvunjwa kufuli. Zile programu za kuvunja kufuli, agizo lao la kwanza ni uzime antivairasi. Mgeni anayekuomba umfunge mbwa kabla hajaingia, wewe unamfungulia? Tieni Linux. Iko ya Mint, iko ya Ubuntu, ambayo jina lake hatuhitaji kutafsiriwa, ni utu ule ule wetu, aliyeianzisha mwaka 2004 ni Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Ni ya bure, na unaweza kuionja kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo kwenye diski: unawasha mashine kwa flashi, unazungukazunguka, hukuipenda unachomoa. Flashi hiyo, tafadhali, muipe jina.

Kuna ya joto na vumbi na chumvi ya bahari, lakini hayo ni maneno ya siku nyingine. Leo nitasema tu laptopu haikai juu ya godoro. Matundu yake ya kupumulia yako chini.

Sasa funikueni laptopu zenu. Wote, hata nyinyi mafundi. Ctrl, Shift, Esc. Performance, CPU, Up time. Someni namba ya kushoto kwa sauti, tuanze na wewe bibi mwenye buibui pale mbele. Mwenye siku nyingi kuliko wote nitamnunulia kahawa tungu na halwa tukitoka hapa, lakini kwanza afanye Restart sote tukimtazama. Ngapi? Sitini na moja? Mama yangu! Kuna anayezidi 61?